Mtungi Mmoja wa Kyumbi

Safu yetu pale Kyumbi, njia ya kwenda Machakos, ilikuwa na maduka matatu na mtungi mmoja wa kuzimia moto. Ulikuwa wa mzee wa hoteli, Mwislamu ambaye babu yake alihamia huku kutoka Pwani. Mkaguzi wa zimamoto alipokuja alianzia kwake. Akimaliza alikaribishwa chai, na alipokuwa akipuliza kikombe, mtungi ulipitishwa mlango wa nyuma hadi kwa mama yangu, mshonaji, kisha kwa dada wa saluni. Kila alikoingia aliukuta umetundikwa ukutani, umepanguswa vizuri.

"Huu mtungi umezunguka kuliko mwanasiasa wakati wa kura," mzee alikuwa akisema. "Na haujaniomba hata nauli."

Tulicheka. Hakuna aliyeliita jambo hilo uongo. Ulikuwa ujirani.

Kisha sheria zikabadilishwa. Afisa wa biashara alituita sokoni akatueleza kwamba wawekezaji wa nje wanaikimbia nchi kwa kuchoshwa na ofisi: leseni ya afya huku, ya moto kule, ya bango mahali pengine. Sasa kibali kingekuwa kimoja, kiombwe kwa simu, na wakaguzi wote waje pamoja siku moja. Halafu akasema jambo lililomfanya mama akae wima. Kampuni ya wageni kule Mavoko, inayoshona suruali za kuuzwa ng'ambo, ilitafuta mafundi wa kuishonea mifuko. Kitambaa chake kiliingizwa nchini bila ushuru wa forodha, kwa hivyo serikali ilitaka kujua kila kipande kiko wapi. Kazi angepewa fundi mwenye kibali kipya tu.

Mama alikuwa na cherehani nne. Tatu zilikuwa zimefunikwa shuka tangu mitumba ijae barabarani.

"Wewe si unaandika vitabu?" aliniambia tukirudi. "Andika na hii."

Nikaandika. Nilikaa kwenye benchi la hoteli, andazi mkono mmoja, simu mkono wa pili, nikajaza fomu ya mama, ya saluni na ya mzee. Fomu iliuliza: una mtungi wa kuzimia moto? Ndiyo. Nambari yake? Nikauinamia, nikaisoma shingoni mwake, nikaiandika mara tatu. Mwishoni palikuwa na kiapo kwamba yote ni kweli, na kwamba mwenye duka amejaza mwenyewe. Nikabonyeza mara tatu pia. Sikuwaza lolote. Andazi lilikuwa la moto.

Wakaguzi walikuja watano, saa nne asubuhi, pamoja na mwakilishi wa kampuni aliyebeba kitambaa cha mfano kwapani. Mwanamke aliyewaongoza alikuwa na tableti. Alisimama barazani, hakuingia popote, na chai hakuitaka.

"Fomu tatu, nambari ya mtungi ni moja," alisema. "Kila mtu asimame mlangoni kwake na mtungi wake. Sasa hivi."

Nilimwona mzee ameukumbatia mtungi kama mtoto mgonjwa, akimtazama mama, akimtazama dada wa saluni, na nilijua kwamba, kama angeweza, angeukata vipande vitatu.

Mama alitoka mikono mitupu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mimi sina," alisema. "Hiyo mtungi ni ya jirani. Huwa tunasaidiana."

"Na moto ukishika maduka yote, mtasaidiana aje?" aliuliza mmoja wa wakaguzi. Alicheka peke yake.

Mwanamke wa tableti hakucheka. "Mama, fomu ulijaza mwenyewe? Kama ulijaziwa, hiyo ni rahisi. Utanunua mtungi, tutarudi wiki ijayo. Lakini huyo aliyekujazia tutaenda naye Machakos. Kudanganya kwa fomu ya serikali ni kosa, na yeye atakuwa amedanganya mara tatu. Mwenye duka akijaza uongo mwenyewe, tunamnyima kibali tu."

Nilikuwa nyuma ya mama, hatua nne hivi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na niliihisi pajani kama kaa la moto. Nikaona seli, sakafu yake, ndoo yake pembeni. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaizima simu. Mimi niliyejaza madaftari kwa maneno ya watu jasiri.

Mama hakugeuka kunitazama. "Nilijaza mwenyewe."

"Kwa simu?"

"Kwa simu. Hata sisi wazee tunajua kubonyeza."

Dada wa saluni akasema naye alijaza mwenyewe. Mzee akasema hivyo hivyo, sauti yake ikiwa chini. Yule mwanamke alitupitishia macho mmoja mmoja, na yaliponifikia nilitazama viatu vyangu. Kisha akagusa kioo cha tableti. Maombi yamekataliwa, waombe tena baada ya miezi sita. Mwakilishi wa kampuni alihamishia kitambaa kwapa la pili, akampa mama pole, akaingia garini. Gari likashika barabara ya Machakos kutafuta mafundi wengine.

Mama alirudi kwenye cherehani yake akaanza kutia uzi kwenye sindano. Ulikataa. Akaulowesha mdomoni, akajaribu tena. Nilitaka kumsaidia, lakini niliogopa kusogea karibu naye, niliogopa atakachosema.

"Kaa chini," alisema, macho kwenye sindano, "kabla hujaanguka."