Macho Agoma Kuandika Kwamba Haoni

Saa mbili asubuhi, nyuma ya ukumbi wa klabu ya gofu, mwanamke aliyevaa gambuti amepiga magoti mbele ya ndoo, anasugua mipira kwa mswaki mkuukuu. Dirisha liko wazi. Kipaza sauti kinanguruma:

"Gofu imenifundisha siri ya biashara: uaminifu! Huku hakuna refa. Refa ni moyo wako mwenyewe!"

Makofi. Waliolipa kiingilio wanaandika madaftarini.

Mwanamke anautupa mpira ndooni, maji yanamrukia usoni.

"Moyo wake!" anafoka. "Na mguu wake je?"

Wenzake humwita Macho. Kwa miaka kumi na moja amekuwa kedi: hubeba mkoba wa fimbo za mchezaji na kuangalia mpira unakoangukia. Ukizama kwenye majani marefu, wengine wanapapasa. Yeye anauendea kama aliuweka mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita alimbebea mkoba huyo huyo mwalimu wa uaminifu, tajiri anayeidhamini klabu. Kwenye shimo la saba, mpira wa tajiri uliangukia nyuma ya mti. Akausogeza kwa ncha ya kiatu. Mpinzani wake akashtuka: mbona uko peupe?

"Mzee akanigeukia: 'Mwambie, Macho, si ulikuwa hapa hapa?' Nikasema, hapana, Mzee, umeusukuma kwa mguu," Macho ananisimulia.

Habari zilifika jikoni kabla wachezaji hawajafika shimo la nane. Kesho yake Macho akahamishiwa kwenye ndoo, kwa ujira usiofika nusu ya ule wa uwanjani.

Katibu wa klabu amempa karatasi asaini kufikia Ijumaa. Asiposaini, geti analijua. Macho anaitoa mfukoni, imelowa pembeni. Ina maneno mawili: "Sikuona vizuri."

Nilipomuuliza katibu, alinijibu, "Hayo ni mambo ya ndani," akafunga mlango.

"Dada, saini tu yaishe," anasema mkata majani, aliyekuja kuchota maji na umbea. "Maneno mawili yatakuua?"

"Ndiyo yatakayoniua! Kedi aliyeandika haoni, nani atampa mkoba?"

"Basi andika ulikuwa na usingizi."

"Wewe nawe! Ukifyeka maua ya katibu, utaandika mashine ilisinzia?"

Mkata majani anacheka mpaka anamwaga maji. Macho hacheki. Ana mpango wake.

"Ijumaa nairudisha. Hiyo 'siku' naikata, naandika 'nili'. Niliona vizuri. Wanifukuze kwa hilo, na watu walisome."

Mkutano unaisha. Tajiri anatoka na wageni wake, anawaonyesha pigo moja. Mpira unapaa, unapinda, unazama majanini karibu na ndoo. Kedi mpya anahangaika, anapapasa huku na huku. Wageni wanasubiri.

"Macho!" tajiri anaita. "Umeuona?"

Macho anaendelea kusugua.

"Nimeuona, Mzee," anajibu kwa sauti ya kufika ukumbini. "Na ule wa shimo la saba niliuona."