Wimbo wa Mama Sauda

Kwanza hulia ngoma, ngoma isiyopigwa na mkono wa mtu, tu-tu, tu-tu, kavu kama mtu anayegonga mlango huku akijua kuwa umo ndani. Kisha huingia kinanda cha umeme, na juu yake sauti ya mwanamume wa Kizungu anayeimba kama ana mafua. Nikiusikia wimbo huo leo, iwe dukani au kwenye redio inayopenda kupiga vya zamani, pua yangu hunusa moshi wa kuni mbichi na mafuta ya vitumbua. Watu wa rika langu huukumbuka kwa furaha. Husema ndio uliowafundisha kucheza disko, wakafumba macho na kutikisa vichwa. Mimi nauchukia. Nimeuchukia tangu nikiwa darasa la nne na sina mpango wa kuusamehe.

Tulikuwa tukikaa Temeke, katika nyumba ya Bi Tatu, nyumba ya vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati, na uani nyuma pa watu wote: pa kupikia, pa kufulia na pa kusemana. Baba alikuwa kuli bandarini, siku ya meli anapata, siku isiyo na meli anarudi na mikono mitupu. Mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rehema kwa jina langu, alichoma vitumbua alfajiri na kuviuza barazani, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyotulisha. Chumba kilichotazamana na chetu, pamoja na cha pembeni yake, vilikuwa vya Mama Sauda. Mumewe naye alikuwa mtu wa bandarini, ila si wa kubeba. Yeye alikuwa akiwatolea watu mizigo yao forodhani. Miaka ile ya ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yalipoanza kujaa, mizigo ilikuwa mingi na yeye akanenepa. Likaja feni. Likaja friji, likavalishwa kitambaa cha kufuma kama bi harusi. Sauda, niliyekuwa naye darasa moja, akavaa viatu vyeusi vya kung'aa, na mimi nikavaa kandambili zilizoshikizwa kwa msumari. Mwisho ikaja redio kaseti kubwa ya spika mbili, na ndani yake kanda yenye wimbo ule.

Uani pale hapakuwa na aliyejua Kiingereza cha maana. Lakini shemeji yake Mama Sauda alikuwa akisoma sekondari, na siku moja alitufafanulia: mwimbaji anamtazama mwenzake dirishani, anatamani nyumba yake, mke wake, shati lake, hata usingizi wake, angepewa nafasi wangebadilishana maisha siku hiyohiyo. Mama Sauda alipiga makofi. "Kumbe na Wazungu wana kijicho kama cha humu ndani!" akasema, akautazama mlango wetu. Tangu siku hiyo, kila mama alipotoka uani na beseni lake la unga wa mchele, mlango wa pili ulifunguliwa, kitufe kikabonyezwa, tu-tu, tu-tu. Kila aliyekuja kusukwa, kila aliyekuja kuomba maji ya baridi, alielezwa maana. "Huyo anayeimba analilia maisha ya mwenzie. Tunao humu, shoga yangu, basi tu." Jina hakulitaja hata mara moja.

Asiyeyajua mambo ya mipasho atauliza kwa nini mama hakumjibu. Angejibu nini? Mpasho hautaji mtu, na anayegeuka amekiri kuwa ndiye. Kwa hiyo mama alikaa kimya, akakoroga unga wake, na kimya chake nacho kikasemwa. Kisha mtoto mdogo wa Mama Sauda akaharisha. Watoto wa Temeke nzima walikuwa wakiharisha msimu ule wa mvua, lakini huyu, ikasemwa, alikuwa amekula kitumbua chetu. "Macho hayana pazia," alisema Mama Sauda, na wimbo ukapigwa. Haikupita wiki, wanawake wenye watoto mgongoni wakawa wanapita barazani kwetu wamewafunika nyuso kwa kanga. Wengine wakavuka kabisa upande wa pili wa barabara. Vitumbua vikabaki, tukavila asubuhi, mchana na jioni, mpaka leo harufu ya iliki hunitia kichefuchefu. Bi Tatu, mwenye nyumba, akamwita mama ukumbini. "Mie simo, Mama Rehema," alisema, "ila nyumba yangu haijawahi kutajwa kwa mambo ya jicho. Watu wakizidi kuikimbia baraza yangu, utanisamehe mwanangu, utatafuta chumba." Mama akajibu, "Nimesikia, bibi," akarudi kwenye kikaango.

Sasa niseme lililokuwa likiniuma zaidi. Yule mwanamke hakuwa mwongo. Niliyatamani maisha yao, niliyatamani mpaka nikilala naota nimevaa viatu vya Sauda na yeye yuko pekupeku. Na mama pia. Siku moja alitumwa na Bi Tatu kuchukua barafu, nikamwona amesimama mbele ya friji lile, ameweka kiganja kwenye mlango wake wenye ubaridi, amekiacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kufungua mlango. Kutamani si uchawi. Lakini nenda kawaeleze watu walioamua tayari.

Mjukuu wa Bi Tatu akaolewa. Sherehe ya wanawake ilifanyika alasiri, pale pale uani, chini ya turubai, na kwa kuwa kikundi cha taarabu kilikuwa ghali, Mama Sauda alitoa redio yake. Ikawekwa juu ya meza, na mbele yake beseni la kutuzia. Sheria ya kutuza kila mwanamke pale aliinyonya kwa mama yake: anayeinuka kutuza ubeti ndiye mwenye maneno, na anayeoneshwa kidole ndiye anayeambiwa. Mwimbaji anaazimisha koo tu. Zikapigwa kanda za taarabu, watu wakainuka, wakarushiana vijembe vya kawaida, wakacheka. Mama alikaa mkekani karibu na ukuta, kanga imempita kidevuni, na mkeka uliomzunguka ulikuwa na nafasi tele. Mama Sauda alisifiwa redio, akasifiwa dhahabu, akasifiwa hata mwendo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akabadilisha kanda.

Tu-tu, tu-tu. Wanawake wakatazamana. Mama Sauda akainuka na noti katikati ya vidole viwili, akazunguka uwanja polepole, makalio yakiongea peke yake, akaja kusimama mbele ya mama. Akamwonesha kidole. Akakishusha, akakiinua tena ili walioko nyuma nao waone, kisha akaenda kuitumbukiza noti kwenye beseni. Hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Tatu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.

"Mama Sauda, hebu nikumbushe mie mzee. Huyo anayeimba si ndiye anayelilia maisha ya mwenzie?"

"Ndiye, bibi."

"Na aliyetuza si wewe?"

Kabla Mama Sauda hajafumba mdomo, uani palilipuka. "Kasema mwenyewe!" mmoja alipiga ukelele. "Anataka maisha ya Mama Rehema, mpeni mwiko!" Kuna waliojitupa mikekani. Bi harusi mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Mama Sauda akawa anapunga mikono, anasema siyo hivyo, wamemwelewa vibaya, na kila alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, kwa kuwa maana ya wimbo ule alikuwa ametufundisha yeye. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mama akasubiri kelele zitulie kidogo. Akaishusha kanga kutoka kidevuni. "Nimekusikia, mwenzangu," akasema kwa upole mtupu. "Njoo kesho alfajiri, tuchome pamoja."

Kesho yake baraza ilijaa. Walikuja kununua kitumbua na kusimuliwa upya, wengine na watoto wao mgongoni, nyuso wazi. Hakuna aliyeomba radhi. Watu walewale waliovuka barabara walikuwa wakimgongagonga mama bega, na mimi niliwarudishia chenji zao bila kuwatazama usoni. Wimbo haukupigwa tena nyumbani mwa Bi Tatu. Muda si mrefu Mama Sauda akahamia kwake Mikocheni, na friji, feni na redio yake, kwenye nyumba ya vigae. Wao walipata nyumba, sisi tulibaki na kicheko. Watu hupenda nimalizie kwa kusema kwamba kumbe Mama Sauda aliyatamani maisha yetu kweli, kwamba mumewe hakulala nyumbani, kwamba tajiri naye hulia. Sijui, wala sijapata kuuliza.

Siku hizi nakaa Chamazi, katika nyumba yangu, ndani ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Jirani yangu simjui jina. Siku hizi mtu hahitaji kufungua mlango na kubonyeza kitufe ili akuoneshe friji lake. Anakuletea kwenye simu, kitandani kwako, nawe unatazama. Mama anakaa nami, amezeeka, macho yake bado makali kwa mawe ya mchele. Juzi alikuwa na ungo wake mapajani, redio ikapiga vya zamani. Tu-tu, tu-tu. Nikanyanyuka kwenda kuizima, nikasikia mtu anauimba kwa pua, mstari kwa mstari, bila kukosea. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Mama, unaujua huo wimbo ni upi?"

"Si ule wa Mama Sauda?"

"Na unauimba?"

"Wimbo mzuri, mwanangu. Nilikuwaga natamani kuucheza toka siku ya kwanza. Sasa ningeuchezaje, na mwenzangu ananitukana nao?" Akauweka ungo chini, akaegemea bega langu, akasimama. "Ongeza sauti."

Nikaongeza. Mama alicheza mpaka ukaisha. Mimi nilisimama pale nimekunja uso, nikimchukia Mama Sauda upya, kwa miaka yote ile ambayo mama hakucheza.