Ndinda Ashuka Mgongoni

Mama mmoja wa Kayole, jina lake Muthoki, alimbeba bintiye mgongoni miaka minne mizima, na ukimwuliza kwa nini hamshushi, anakujibu, "Kwani amekulemea wewe?"

Alikuwa na sababu. Ndinda alizaliwa wa miezi saba, mwaka wa tisini na mbili, mwepesi kuliko pakiti ya unga. Wiki sita alilazwa kwenye kisanduku cha joto akipewa oksijeni, mpaka akapona. Akapona kila kitu, ila macho. Majirani walisema watoto wa miezi saba huchelewa kutazama, naye Muthoki akangoja, akangoja. Alipompeleka kwa daktari, akaambiwa mishipa ya damu ndani ya macho ilikuwa imeota vibaya, kama inavyowapata baadhi ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, na kwamba sasa hakuna la kufanya. Hilo "sasa" ndilo lililomchoma. Tangu siku hiyo leso ya kumbebea haikufunguka.

Haya, sikilizeni. Mwalimu Khalayi, wa shule ya watoto wasioona, akaja kumwona Ndinda pale kwenye ploti, kwenye vyumba vyao vya kupanga. Alibakiwa na nafasi moja tu.

"Mama Ndinda, nitamchukua akinifikia kwa miguu yake," akasema, akavuta kigoda hadi mwisho wa veranda, akaketi.

Muthoki akamshusha mtoto, kisha akainama mbiombio kuondoa ndoo na majiko njiani.

"Wachana nazo!" jirani yake Nasike akamkemea. "Na huko shuleni utakuwa unamtangulia ukimfagilia njia?"

Ndinda akashika ukuta. Hatua. Hatua nyingine. Goti likagonga ndoo, maji yakamwagika mpaka mlangoni. Muthoki akaruka, lakini Nasike alishamshika mkono.

"Nani ameweka ndoo hapa?" mtoto akafoka.

"Ni mimi, landilodi. Nisamehe," akajibu Nasike.

"Utateka mengine!"

Veranda nzima ikacheka, naye Ndinda akacheka, huku akiipapasa ile ndoo pande zote kama mtu anayechagua sufuria sokoni. Akaizunguka.

"Mwalimu, uko wapi?"

"Huku."

Akaifuata sauti hadi vidole vyake vikagusa magoti ya mwalimu. Kisha akageuka.

"Mama, nawe uko wapi?"

"Niko hapa!" Muthoki akajibu, leso tupu mkononi, mguu mmoja tayari mbele.

"Basi kaa hapo hapo. Nakuja."