Chuma cha Kiwiko

Mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu ufundi aliuanza kwa kukunja mapindo ya suruali za watu, kwa sindano ya mkono, akiwa amekaa kwenye jamvi mlangoni kwa mama yake. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila akiitwa kwa jina hilo alichelewa kuitika. Miguu yake yote miwili ilipooza kwa homa kabla hajaanza shule, na tangu hapo alitembea kwa magongo. Watu walimwonea huruma, ile huruma ya kutikisa vichwa halafu kila mtu anakwenda zake, na yeye hakuwa na haja nayo. Haja yake ilikuwa cherehani.

Sasa fikiria mwenyewe. Cherehani inaendeshwa kwa mguu. Hata ile kubwa ya umeme, yenye meza yake na mota yake chini, bado inakusubiri ukanyage pedali ndipo ikimbie. Bi Pindo alijinyima miaka na miaka, akainunua hiyo hiyo ya umeme, kabla hajajua ataiendeshaje. Watu walicheka pembeni. Wengine walisema kanunua pambo la sebule, na sebule yenyewe hana.

Aliyemtoa aibu alikuwa mchomelea vyuma mmoja, mzee aliyeitwa Cheche. Alichukua kipande cha nondo, akakipinda, akakiunga kwenye mota chini ya meza, akakipandisha mpaka ubavuni mwa mshonaji, upande wa kushoto. Bi Pindo akikisukuma kwa kiwiko, cherehani inakimbia. Akikiachia, inasimama. Mikono yake miwili inabaki kwenye kitambaa. Ukisimulia ni jambo jepesi. Lakini chuma cha kwanza kilimgonga mbavu, cha pili kilikuwa kigumu mpaka bega likavimba, na cha tatu kilikuwa chepesi mno, hata akikohoa tu cherehani inaruka na kitambaa. Cheche alikuwa anakuja kila akipata nafasi. Anakata, anachomelea, anasogeza, anauliza, "Na hapa?" Bi Pindo anajibu, "Bado kidogo." Mpaka siku moja Bi Pindo hakujibu kitu. Alishona tu, akashona, akashona, na Cheche akakusanya vifaa vyake akaondoka bila kuaga, maana aliona mwenzake analia.

Cheche akazungushia ncha ya chuma kile mpira wa tairi la baiskeli ili kisimchubue, na Bi Pindo akahama kutoka kwa mama yake. Alipanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya barabarani, chenye dirisha pana la kupokelea wateja. Kitanda nyuma ya pazia, cherehani mbele ya dirisha, pasi kwenye meza ya pembeni, vipande vya chaki kila mahali, hata kwenye sukari. Alishona makoti, magauni ya harusi, sare za shule. Kola zake zilikaa shingoni bila kubishana. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuna aliyemlisha, hakuna aliyemwogesha kwa maneno ya huruma, na hakumwomba mtu hata chumvi. Kutomtegemea mtu, hicho ndicho alichokuwa nacho duniani. Ukimwuliza angekwambia ana cherehani, lakini alimaanisha hicho.

Bi Pindo alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, na kila mtu alimwita Kitinda mpaka akaota ndevu na kuoa. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera kulisimulia, kwa sababu mtu mbaya unamfungia mlango na maisha yanaendelea. Kitinda alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kubeba mizigo ya watu, na alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mke wake naye alikuwa mshonaji, wa cherehani ya kawaida, na siku moja akapata zabuni ya kushona sare za wafanyakazi wa hospitali moja. Kitambaa kizito, mishono miwili miwili. Cherehani yake ingekufa kwenye mfuko wa kwanza.

Kitinda alikuja na mama. Ukiona mtu amekuja kuazima kitu na mama yake mzazi, ujue ombi limeshakubaliwa njiani.

"Dada, ni mpaka kazi iishe tu," alisema. "Wifi yako ataitunza kama yai."

"Na mimi nishonee nini?"

"Si una zile kazi za mkono? Hakuna anayekufikia kwa mkono, dada. Mji mzima unajua."

"Kitinda, cherehani hii si ya kupokezana. Imetengenezwa kwa ajili yangu."

Mama akaingilia, kwa sauti ile ya chini ambayo Bi Pindo alikuwa anaiogopa tangu utotoni. "Mwanangu, huyu ndiye aliyekuwa anakubeba mgongoni kukupeleka choo mvua ikinyesha. Mdogo kuliko wewe, na alikuwa anakubeba. Leo anataka kusimamisha nyumba yake, unamhesabia?"

Basi. Ungejibu nini hapo? Bi Pindo akawaonyesha jinsi ya kutia mafuta, akawaonyesha chuma cha kiwiko kinavyosukumwa taratibu, akamwambia Kitinda amwambie wifi asikilazimishe. Kitinda aliitikia kila kitu. Wakaipakia kwenye mkokoteni, ikaondoka imefunikwa shuka la Bi Pindo mwenyewe.

Sare za hospitali zikaisha. Cherehani haikurudi. Bi Pindo alipiga simu, akaambiwa kuna marekebisho madogo ya vifungo. Akapiga tena, akaambiwa kesho. Kesho ikawa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa simu haipatikani. Yeye alikuwa amekaa mbele ya dirisha na sindano yake, anakunja mapindo kama zamani, na wateja wanakuja na vitambaa vyao wanavitazama, wanamtazama, wanaondoka navyo. Mmoja, mama mwenye duka la viatu, alirudi akiwa anameremeta.

"Bi Pindo, hongera! Nimeona cherehani yako kwa wifi yako, nikaona ni kama kwako tu, nikamwachia nguo zangu. Inakimbia hiyo!"

Bi Pindo akacheka naye. Alicheka vizuri kabisa. Mteja alipoondoka aliuma uzi kwa nguvu mpaka akajichana mdomo.

Siku cherehani iliporudi, ilirudi kwa gari. Kitinda alishuka anatabasamu, akasaidiana na dereva kuiingiza, akaiweka mahali pake penyewe mbele ya dirisha, akaifuta kwa shati lake. Ilikuwa inang'aa. Walikuwa wamepaka meza rangi, wamebadilisha mkanda, wamefunga taa ndogo ya kumulika sindano.

"Dada, tumeona tusikurudishie mikono mitupu," alisema. "Tumeifanyia sevisi nzima. Fundi kasema ilikuwa imefungwa ovyo ovyo, kaiweka sawa kabisa. Kaa, kaa ujaribu."

Alikaa. Aliegemeza magongo ukutani, akaweka kipande cha kitambaa chini ya sindano, na kiwiko chake cha kushoto kikaenda chenyewe pembeni kama kilivyozoea. Hakikukuta kitu. Aliinama akachungulia chini ya meza. Palikuwa na pedali, mpya, pana, nyeusi, imefungwa kwa nati zinazometameta.

"Kitinda. Chuma changu kiko wapi?"

"Lile dude?" Kitinda alicheka. "Lilikuwa linamgonga wifi yako tumboni kila akikaa. Fundi akalikata. Sasa hivi ni kukanyaga tu, dada, hata huchoki. Tazama." Akainama, akaibonyeza pedali kwa kiganja, na cherehani ikakimbia, laini, bila kelele. "Umeona? Unakanyaga tu."

Aliinua uso anatabasamu, na macho yake yakaangukia magongo ukutani. Bi Pindo aliona tabasamu linamfia usoni. Aliona mtu aliyekuwa anambeba mgongoni anakumbuka, sasa hivi, mbele yake, kwamba dada yake hana miguu ya kukanyagia.

"Nililisahau hilo," Kitinda alisema kwa sauti ndogo. Halafu, kwa kuwa hakuzoea kukaa na aibu, akaifukuza haraka. "Lakini wewe, dada? Wewe unashindwa na nini? Kichuma tu kile. Nitakutafutia kingine hata leo."

"Kile chenyewe kiko wapi?"

"Alipita mnunuzi wa vyuma chakavu."

Nimesema si mtu mbaya, na kweli alileta mchomelea, kijana anayejiamini, akafunga nondo mpya siku hiyo hiyo. Ilikuwa na hali mbili tu, kusimama na kukimbia mbio. Bi Pindo alishona kola moja, ikatoka kama imekatwa na panya. Akaletwa mwingine, naye chuma chake kikawa kinanasa na kukataa kuachia, sindano ikapita kwenye kidole. Baada ya hapo Kitinda akawa na shughuli. Cheche mwenyewe macho yalikuwa yameshaliwa na moto wa kazi yake, na binti yake alikuwa amemchukua akaishi naye mbali. Bi Pindo alimpigia simu, akamwomba amweleze kijana vipimo.

"Vipimo sina, mwanangu," mzee alisema. "Sikuwahi kupima popote. Nilikuwa nakutazama wewe."

Bi Pindo aliagana naye vizuri, akaweka simu mezani, akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wateja waliokuja waligonga dirisha wakaenda zao. Wengi walijua pa kwenda.

Mama alikuja kusuluhisha. Alikuja na mchele na mafuta ya kupikia, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, akavipanga kwenye kona ambayo Bi Pindo alikuwa akiweka majora ya vitambaa. Bi Pindo aliutazama ule mchele. Alikuwa ameanza kulishwa tena.

"Msamehe mdogo wako," mama alisema. "Hakukusudia."

"Ndicho kinachoniuma, mama. Angekusudia, ningejua kwamba angalau alinifikiria."

"Maneno gani hayo?"

"Walikaa nayo muda wote ule. Wamekata, wamepaka rangi, wamefunga taa. Kitinda, mke wake, fundi wao, na wewe ulikwenda pale ukaiona, mama. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ataikanyaga nani?"

Mama alirekebisha mfuko wa mchele uliokuwa umekaa vizuri tu, akasema mvua inakuja, akaondoka. Mvua haikuja.

Kisha asubuhi moja Kitinda akasimama dirishani, kwa nje, pale wanaposimama wateja. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliuliza hali, akauliza kidole kimepona, akasifu rangi ya meza kwamba bado haijabanduka. Bi Pindo alimtazama tu. Alimjua tangu akiwa anatambaa, na alijua anapoanza kusifu meza kuna jambo nyuma ya meza.

"Dada, wifi yako kapata tena kazi ya ile hospitali. Mara hii mashuka na mapazia pia. Sasa tukasema..." Alikuna shingo. "Maana siku hizi huitumii. Inakaa tu inapigwa vumbi. Ikiwa kwetu, angalau inazalisha, na wewe hatutakuacha hivi hivi. Hata ukitaka kuja pale dukani kwa wifi yako, kuna vifungo vya kushona, kuna mapindo. Utakaa na watu, utachangamka."

Yaani aje akae pembeni ya cherehani yake mwenyewe, anashona vifungo, anamtazama wifi anakanyaga. Na Kitinda alilisema kwa upendo, wallahi, macho yakiwa makavu na safi.

Bi Pindo hakupandisha sauti. Alichukua suruali moja iliyokuwa inasubiri kufupishwa, akakunja pindo, akaliingiza chini ya sindano. Mkono wa kushoto ukashika kitambaa. Mkono wa kulia akaupeleka kwenye gurudumu la pembeni ya cherehani, lile ambalo washonaji hulizungusha kidogo tu kuinua sindano, akalivuta. Sindano ikashuka, ikapanda. Mshono mmoja. Akasogeza kitambaa, akavuta tena. Mshono wa pili. Gurudumu lilikuwa zito, na kabla hajafika kwenye mshono wa pembeni wa suruali jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Dada, unafanya nini?"

"Naitumia."

Kitinda alisubiri. Alibadilisha mguu wa kusimamia, akatazama barabarani, akatazama simu yake, akakohoa. Sindano ikashuka, ikapanda.

"Mama nitamwambia nini?" aliuliza mwishowe.

"Mwambie umenikuta nina kazi."

Kitinda akaondoka, kaudhika, anatikisa kichwa kama wale watu wa zamani wa mlangoni kwa mama. Haikupita muda simu ikalia. Mama hakuuliza amekula nini. Alisema, "Mwanangu, tangu lini ukawa na mkono wa birika hivi? Ndugu yako mmoja tu!" Bi Pindo alimsikiliza mpaka mwisho, simu kaibana kati ya sikio na bega, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.