Kengele Kiunoni mwa Baldomero

Baldomero Nahuelquín hakuwa mtu wa kupenda watu, na hilo alilisema mwenyewe bila aibu. Alitoka kisiwani Chiloé ndevu hazijamwota, akaja huku Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Chile, kuchunga kondoo wa matajiri, na upepo wa huku ukamfaa kuliko maneno ya binadamu. Mke hakuoa. Nyumba mjini hakutaka. Alitaka farasi, mbwa, jiko la kuni lisilojaza moshi ndani, na Segundo.

Segundo Paillacar alikuwa mwenzake katika kibanda cha mwisho cha ranchi, kule ambako gari hufika kwa nadra, na theluji ikianguka halifiki kabisa. Walikaa pamoja miaka mingi, wakachokana, wakazoeana upya. Asubuhi walikunywa yerba, chai chungu ya majani, wakipokezana kibuyu kimoja, kimya, kisha kila mtu akapanda farasi wake na kushika njia yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake ajihadhari. Farasi akirudi kibandani na tandiko tupu, aliyepo anajua la kufanya: anafuata nyayo mpaka amfikie aliyeanguka. Ndivyo Segundo alivyomtoa Baldomero kwenye tope la bondeni mwaka mmoja wa baridi kali, huku akimsimanga njia nzima.

"Mzee mzima unabwagwa na farasi jike mwenye mimba! Huoni haya?"

"Nyamaza uvute."

"Navuta, navuta. Ila leo unapika wewe, hata kama ni kwa mkono mmoja."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Don Mirko, msimamizi wa ranchi, alipowaletea kile kidude. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya chungwa, cha kuning'iniza kwenye mkanda. Ukianguka, kinajua. Kinalia, kinakupa nafasi ya kubonyeza kitufe kama uko salama, na usipobonyeza, mtu aliyeko mjini Punta Arenas anakuita humo humo kwa setilaiti na kuwaambia ranchi mahali ulipo.

"Hiki hakilali wala hakilewi," Don Mirko alisema, akikipapasa. "Kinamlinda mtu anayefanya kazi peke yake."

"Lakini sisi hatufanyi kazi peke yetu, bosi," Baldomero akajibu.

Don Mirko akakohoa, akatazama dirishani. Hapo wakaelewa. Segundo angehamishiwa kibanda cha ng'ambo ya ziwa, naye na kidude chake.

"Ni majaribio tu, Don Baldo. Mpaka msimu wa kunyoa manyoya. Vikishindwa kazi, nakurudishia mwenzako. Neno langu hilo."

Waliokitengeneza wapewe sifa zao, maana si jambo dogo kusikia mtu akianguka kutoka ng'ambo ya bahari. Ila huku kwetu kililetwa ili kwanza mtu aachwe peke yake, ndipo kimlinde. Sijui kama waliokitengeneza waliwahi kuambiwa.

Baridi ya mwaka ule ilimwelemea Baldomero. Alidhani anaujua upweke, kumbe alichokijua ni ukimya wa watu wawili. Alikuwa akijaza kibuyu, akinywa, kisha akinyoosha mkono juu ya meza kumpa mtu asiyekuwepo. Aliongea na mbwa mpaka mbwa wakaacha kuinua vichwa. Jioni nyingine aliimba ili tu asikie sauti ndani ya nyumba, na sauti aliyoisikia ikamtia huzuni zaidi. Alimkumbuka Segundo na kukoroma kwake, na akamchukia Don Mirko kwa moyo wote.

Angeweza kukitumbukiza kidude kwenye sufuria ya mafuta ya kondoo na kusema kimejifia chenyewe. Alilifikiria hilo zaidi ya mara moja. Lakini Baldomero alikuwa mkaidi, hakuwa mwongo. Alikivaa kila siku, akingoja kishindwe kwa haki. Akiruka chini kwa kishindo kutoka kwenye farasi kililia bure, naye akabonyeza kitufe kwa dharau. "Umekosea tena, mpumbavu wewe."

Kisha theluji ikayeyuka, kondoo wakaanza kuzaa. Alasiri moja alikuwa akimkimbilia kondoo aliyekwama kuzaa, farasi akatumbukiza mguu kwenye shimo la sungura, wote wakaenda chini. Farasi aliinuka. Baldomero hakuweza. Nyonga ilikuwa imevunjika, na maumivu yalimkata pumzi.

Kidude kikaanza kulia. Farasi akazunguka mara moja, kisha akashika njia ya nyumbani, kama alivyozoea. Baldomero alimtazama akienda na moyo ukamwuma, maana alijua atasimama getini na tandiko tupu, na hakuna mtu wa kumwona.

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akibonyeza, Punta Arenas wataandika kwamba yuko salama. Atajaribu kujikokota mpaka kibandani. Akifika, au wakimkuta amekauka, Don Mirko atakiri kwamba kidude hakifai, na Segundo atarudi. Hesabu hiyo aliipiga akiwa na akili zake timamu.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kiunoni.

"Don Baldomero? Naitwa Yasna. Naona umeanguka. Unanisikia, baba?"

Tangu baridi ianze, hakuna mtu aliyekuwa amemwita kwa jina. Kidole kikateleza chenyewe, kikatoka kwenye kitufe.

"Nakusikia, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka. "Usiondoke."

"Siondoki. Wameshatoka ranchi. Niambie, umelalia upande gani?"

Yasna alikaa naye mpaka gari likafika, na mzee asiyependa watu akamweleza habari za maisha yake yote.

Katika hospitali ya Porvenir, Don Mirko aliingia na boksi la chokoleti, uso unang'aa, akampiga picha na kidude kifuani.

"Kimekuokoa! Umeona? Wenye mali wamefurahi mno. Vibanda vyote sasa, mtu mmoja mmoja. Majaribio yamekwisha, Don Baldo, na ni kwa sababu yako!"

Baldomero aligeukia ukutani.

Segundo alikuja siku ya pili yake, amekonda, kofia mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umetuweza, mzee. Ungekufa kidogo tu, tungekuwa pamoja."

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha kicheko kikaisha, na Baldomero akalitoa lililomkaa kooni.

"Nilikuwa na kidole kwenye kitufe, Segundo. Nilitaka kubonyeza. Halafu yule binti akaniita."

Segundo aliivaa kofia yake.

"Hata mimi ningeitika," akasema.

Nje, dereva wa ranchi akapiga honi. Segundo alimfunika mwenzake blanketi mpaka kidevuni, akainuka na kwenda zake, kwa maana kule ng'ambo ya ziwa kondoo walikuwa wanazaa, na hapakuwa na mtu mwingine.