Kisanduku cha Saidi Kilichotoka Luama

Hiki ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe. Mwenye kucheka acheke. Taabu ilinianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa: papa aliyenizaa alikufa, nikaacha darasa la pili, nikabeba mawese kichwani kutoka Kabambare. Kazi ya umeme nimejifunza kwa kuungua vidole. Sasa nimechoka, nguvu ya kutunga uongo sina.

Hapa Kasongo, kila kiangazi, wachuuzi na makanika wanashindanisha magari yao ya zamani mu uwanja mukavu nje ya mji. Kila gari inafungwa transponda, kisanduku kidogo kama kiberiti. Ikipita juu ya waya tuliozika mu laini ya mwisho, mashine inalia na jina la dereva linaonekana mu kioo chake. Kazi yangu ni kuvitunza: ninavifuta matope, ninavipanga mu sharjeri ya paneli ya jua, taa iko nyekundu mpaka igeuke kijani. Batri ikikauka, unaweza kukimbia kama shetani, utahesabiwa kama haukuja.

Kiangazi kimoja Saidi, mununuzi wa dhahabu wa Salamabila, alikuwa anakuja kushindana, kisanduku chake kikiwa garini, muto Luama ukambeba yeye na gari. Mwili tulipata, tukazika. Kisanduku hapana. Nani angekitafuta?

Kiangazi kilichofuata, jioni ya kuamkia mashindano, mutu alisimama mulangoni kwangu, kitambaa usoni kama dereva wa pikipiki.

"Papa Mzee, nisharjie hiki. Mashine hainioni."

Nikamutania: "Mashine haioni wavivu. Ao ulikifunga juu ya chuma? Kinataka kuangalia chini, kisizibwe."

Hakucheka. Akakiweka mukononi mwangu. Niamini, kilikuwa baridi kama samaki, na muchanga wa muto ulitoka mu tundu la kamba.

"Kesho nitakuwa nyuma ya binti yako," akasema. "Nyuma yake tu, mpaka mashine initaje."

Niliinua macho, mulango ulikuwa mutupu. Pale aliposimama udongo uliloa. Kiangazi, maji yalitoka wapi? Nikasugua matope ya kisanduku. Nikaona alama ya musumari, ile niliyomukwaruzia Saidi mimi mwenyewe.

Nilikitia mu sharjeri kwa woga tu. Hakikuwaka hata nyekundu. Asubuhi nikamuomba binti yangu Mwamini asishindane.

"Papa, umeanza kuzeeka! Injini hii nimeifunga mwenyewe. Leo hao wanaume watakula vumbi yangu."

Kichwa ngumu amekitoa kwangu.

Muzunguko wa kwanza alipita, mashine ikalia. Wa pili, niliona kitako cha gari yake kinainuka, kama kinasukumwa. Nyuma yake kulikuwa na vumbi ya gari nyingine, na gari hakuna. Uliza watu, wote waliiona ile vumbi. Mwamini alipiga honi bila kuacha, akalia dirishani: "Papa, frein haishiki, ninakanyaga gari haisimami! Kuna mutu ananisukuma!" Mbele yake ilikuwa shimo kubwa walimochimba udongo wa matofali.

Nikageukia sharjeri, niliyoileta pembeni ya uwanja. Kisanduku cha Saidi kilikuwa kijani.

Alisema mpaka mashine imutaje. Basi, itamutaja. Nikakikamata, nikakimbia na magoti yangu haya mabovu.

"Mzee, leo unashindana kwa miguu?" prezida wa komite ya mashindano akapiga kelele. "Mumupe maji!" Watu wakacheka.

Niliinama, nikavusha mukono juu ya waya. Mashine ikalia. Jina likatoka: SAIDI. Kicheko kikakatika. Vumbi ya nyuma ya mutoto wangu ikaanguka mara moja, kama unga uliomwagwa, na gari ikasimama, gurudumu moja likining'inia juu ya shimo.

Kisanduku tulimupelekea mama ya Saidi, kule Salamabila. Siku hiyo ndipo alipokubali kumaliza matanga. Mukono wangu wa kuume, ule niliouvusha juu ya waya, hausikii moto tena. Ninainua sufuria ya jikoni na sijui kama inaniunguza mpaka ninuse ngozi. Madaktari wameangalia, wamechoka. Mimi pia.

Wewe unayetunza transponda za watu, dereva akifia njiani, tafuta kisanduku chake, kijaze umeme, kivushe juu ya waya kabla ya kuzika. Na usipokee cha mutu aliyefunika uso.

Leo niko na nyumba ya matofali, mabati juu, paneli tatu, mbuzi sita, shamba la mihogo njia ya Nyangwe. Na Mwamini, mzima.