Komeo la Choo cha Shule

Kosa lilikuwa langu, na sitamsingizia mtu. Juzi nilienda kwenye mkutano wa wazazi shuleni hapa Machakos nikiwa na nia moja: mjukuu wangu Mwende aondolewe kwenye somo la karakana, abaki na fizikia na hesabu tu. Nikasimama, nikanguruma, "Kuchomelea vyuma ni kazi ya walioshindwa na masomo!" Wazee wenzangu wakanipigia makofi. Mwalimu mkuu akasema atanijibu baada ya chai.

Chai ikanipeleka chooni. Nilipoingia na kuufunga mlango mpya wa chuma, uliotengenezwa na wanafunzi wa karakana, komeo likajishukia lenyewe. Kutoka sasa, nikavuta, wapi! Nikapiga teke, nikapiga kelele.

"Mmeona kazi ya wanafunzi? Leteni fundi wa kweli avunje!"

Nikasikia wazazi wakija wakicheka, kisha sauti ya Mwende.

"Babu, usivute. Inua kwanza."

"Niinue nini?"

"Komeo. Tulilitengeneza lishuke kwa uzito wake, upepo usifungue mlango. Si ni ile fizikia yako, Babu?"

Nikainua kwa kidole kimoja. Mlango ukafunguka, na mbele yangu mkutano mzima, nami nimeshikilia suruali, mshipi ukining'inia.

"Mzee, bado tumtoe karakana?" mwalimu mkuu akauliza.

"Thubutu! Asome vyote!" nikasema, na kwa furaha nikauinua mkono wa Mwende juu kwa mikono yangu miwili, kama wa bingwa.

Suruali nayo ikashuka kwa uzito wake.